Elimu ya simu na mtandao: faida yake na gharama ya kuikosa

Mwezi Machi mwaka 2007 kampuni ya simu ya Safaricom ilizindua nchini Kenya huduma ya kutuma fedha iitwayo M-Pesa. Mwaka uliofuata huduma hiyo ikaingia Tanzania kupitia Vodacom. Kabla ya hapo, wengi waliofanya kazi mjini na kutaka kuwatumia wazazi fedha kijijini walimkabidhi dereva wa basi bahasha, kisha wakasubiri kusikia kama imefika.

Majaribio ya huduma hiyo mwaka 2005, yaliyofadhiliwa kwa sehemu na serikali ya Uingereza, yalilenga kuwawezesha wakopaji wadogo kurejesha mikopo yao. Wakopaji wenyewe ndio walioigundulia kazi nyingine, wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao.

Watafiti Tavneet Suri na William Jack, katika makala iliyochapishwa na jarida la Science mwaka 2016, walikadiria kuwa huduma za fedha kwa simu zilizitoa katika umaskini kaya 194,000 nchini Kenya, yaani asilimia 2 ya kaya zote. Aidha, wanawake wapatao 185,000 waliacha kutegemea kilimo na kuingia katika biashara.

Hata hivyo, kujua kubonyeza ni jambo moja na kujua kupima kile kinachosomwa kwenye simu ni jambo jingine. Elimu hiyo ya pili ndiyo ambayo Umoja wa Mataifa, mwaka 2021, uliitengea juma la tarehe 24 hadi 31 Oktoba kila mwaka.

'Ile hela itume kwa namba hii'

Nchini Tanzania ni wachache wenye simu ambao hawajawahi kupokea ujumbe wa namna hiyo. Hauna jina wala salamu, na huonekana kuwa utapeli wa kitoto. Lakini hutumwa kwa watu wengi mno, na miongoni mwao hakosekani mmoja ambaye siku hiyo kweli alikuwa anadaiwa na ndugu, fundi au mwenye nyumba. Mtu huyo hadhani kwamba anatapeliwa. Anadhani amekumbushwa.

Njia nyingine ni ujumbe unaofanana na ule wa kupokea fedha, ukifuatiwa na simu ya mtu anayelia kuwa amekosea namba. Mwenye elimu haangalii ujumbe, huangalia salio lake. Na hata kama fedha zimeingia kweli, hana haja ya kuzirudisha kwa mkono wake. Aliyekosea anaweza kuiomba kampuni ya simu izirejeshe. Kwa wateja wa M-Pesa nchini Kenya, hupeleka ujumbe wa muamala kwenye namba 456. Tanzania nayo ina namba 15040 ya kuripoti ujumbe wa matapeli, na kwa kubonyeza *106# mtu huona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, zikiwamo zile asizozijua.

Uvumi na ushahidi

Hasara si ya fedha pekee. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, ambao ghasia zake ziliua watu zaidi ya 1,100, ujumbe wa uchochezi ulienea kwa simu za mkononi. Lakini Januari 2008 Wakenya kadhaa na wenzao, baadhi yao wakiwa ughaibuni, walianzisha tovuti ya Ushahidi, iliyokusanya taarifa za wananchi kwa simu na intaneti na kuzionyesha kwenye ramani. Programu hiyo ilitumika tena Haiti baada ya tetemeko la mwaka 2010.

Kazi nzuri, Thailand

Mfano mchungu zaidi ni wa miaka ya karibuni. Kuanzia mwaka 2022 serikali ya Kenya ilitoa tahadhari kuhusu matangazo ya kazi za mtandaoni nchini Thailand. Waliojibu matangazo hayo walipokewa Bangkok, wakapelekwa mpakani na kuvushwa hadi Myanmar, wakafungiwa katika majengo ya magenge na kulazimishwa kuwatapeli watu wa nchi nyingine. Februari 2025 maelfu ya watu wa mataifa mbalimbali waliachiwa kutoka majengo hayo, Wakenya na Waethiopia wakiwamo.

Inafaa kuzingatia kwamba wengi wa waliodanganywa hawakuwa wajinga wa kompyuta. Walitafutwa kwa sababu ya ujuzi wao wa kompyuta na Kiingereza. Walichokikosa ni mazoea ya kulihoji tangazo: nani amelitoa, ofisi yake iko wapi, na kwa nini mshahara ni mkubwa kuliko kazi yenyewe.

Kenya ina Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ambayo hutoa leseni kwa mawakala wa kazi na kuorodhesha wenye leseni katika tovuti yake. Tanzania ina Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA. Dalili nyingine ya kutazamwa, iwe safari ni ya Ghuba au ya Asia ya mbali, ni aina ya viza. Wakala akimpa msafiri viza ya utalii ilhali anakwenda kuajiriwa, maswali na yaulizwe kabla ya tiketi kukatwa.