Herufi za Mwenye Vyombo

Runzewe imekaa kwenye barabara kuu itokayo Kahama na Ushirombo kwenda Nyakanazi hadi mpaka wa Rwanda. Watu wa ukanda huu wa dhahabu wanaishi na herufi: GGM ni mgodi wa Geita, STAMICO ni shirika la madini la taifa. Ukizitaja, kila mtu anajua mali ni ya nani. Bendi za dansi za Tanzania nazo zilipewa majina kwa kanuni hiyo hiyo, na anayetaka kuijua historia ya bendi hizo aanze na swali moja: vyombo ni vya nani?

Chukua NUTA Jazz. NUTA ulikuwa muungano wa wafanyakazi ulioundwa mwaka 1964, baada ya vyama vya awali kuvunjwa, na bendi yake ikabeba jina hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 muungano ukageuka kuwa JUWATA, na bendi ikawa JUWATA Jazz. Mwaka 1991 ikaja OTTU, bendi ikawa OTTU Jazz. Majina matatu, mwajiri akibadilika sura kila mara, lakini mashabiki hawakupotea hata siku moja. Walikuwa na jina lao: Msondo.

Hapo ndipo penye utamu wa mambo. Bendi ilikuwa na majina mawili, la mwajiri na la mtindo. UDA Jazz, ya shirika la mabasi la Dar es Salaam, ilipiga Bayankata. Bima Lee, ya Shirika la Bima, ilikuwa na Magnet Tingisha. Mwenge Jazz ya jeshi ilijulikana kwa Paselepa, na Vijana Jazz kwa Pambamoto. Mtindo ulitajwa ndani ya nyimbo zenyewe, ukawa kitambulisho cha bendi: msikilizaji wa redio kijijini, mbali kabisa na kumbi za Dar es Salaam, alijua nani anapiga kabla mtangazaji hajasema neno.

Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya TTTS, kampuni ya usafiri na teksi. Mwaka 1983 ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, ndipo ikaitwa DDC Mlimani Park. Mtindo haukuguswa. Ulibaki Sikinde, jina lililotoka kwenye ngoma ya Wazaramo.

Wanamuziki walihama kwa kufuata maslahi, na ilikuwa haki yao. Muhidin Maalim Gurumo alitoka JUWATA akaenda Mlimani Park, na mwaka 1985 yeye na Abel Balthazar wakavutwa na mfanyabiashara Hugo Kisima kwenda OSS, yaani Orchestra Safari Sound, wakaja na mtindo wa Ndekule. Baadaye Gurumo akarudi Msondo. Alifariki Aprili 2014.

Upande wa pili wa ziwa Tanganyika herufi zilifanya kazi nyingine. OK Jazz ya Franco ilizaliwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1956, na OK zilitokana na Oscar Kashama, mwenye baa walikopiga. Baadaye wengi wakazisoma kama Orchestre Kinois, okestra ya watu wa Kinshasa. Mwenye baa alisahaulika. Mji ukarithi herufi zake.

Hata redio iliyozirekodi bendi hizi haikukwepa. Tanganyika Broadcasting Corporation ilianzishwa mwaka 1956, mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, kisha TUT, Taasisi ya Utangazaji Tanzania, na mwaka 2007 herufi TBC zikarudi, safari hii kwa jina la Tanzania.

Mashirika ya umma yalipoyumba katika miaka ya 1980 na 1990, bendi nyingi zilikufa na herufi zao. UDA Jazz na Bima Lee hazipo. Msondo iliendelea, na leo inaitwa Msondo Ngoma, bila chama chochote mbele ya jina. Katika muziki wa kizazi kipya zimekuja herufi WCB, Wasafi Classic Baby, lebo ya Diamond Platnumz iliyowatoa Harmonize na Rayvanny, na safari hii mwenye studio, mwenye mikataba na mwenye herufi ni mwanamuziki mwenyewe.