Dawa ya panya, dawa ya mswaki, dawa baridi

Jioni, stendi ya Mbagala Rangi Tatu, kipaza sauti cha machinga hakinyamazi: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Maneno yalirekodiwa siku nyingi. Mwenyewe amekaa pembeni na kikombe chake cha kahawa. Hatua chache mbele, kwenye dirisha lenye nondo, mama aliyebeba mtoto mgongoni anaulizia dawa ya kikohozi. Kando yake kijana wa Kimasai ametandaza magome na mizizi juu ya turubai. Dukani ng'ambo ya barabara kuna dawa ya mswaki, kwa fundi viatu kuna dawa ya viatu, saluni kuna dawa ya nywele. Bidhaa ya kuua na bidhaa ya kuponya zinaitwa kwa jina moja, na wateja wanapishana bila kuulizana.

Asili ya jina hilo haina ubishi mkubwa. Ni Kiarabu, dawāʾ, na limo pia katika Kiajemi, Kihindi na Kigujarati kwa matamshi yanayokaribiana sana. Mfanyabiashara aliyeshuka kutoka Gujarat au Muscat hakuhitaji mkalimani wa neno hili alipofika pwani yetu. Hata "duka" lilikuja kwa njia hiyo hiyo ya bahari, kwa hiyo kibao cha "duka la dawa" kimeandikwa kwa maneno mawili yaliyoshuka jahazini.

Lakini watu wa huku walikuwa wakiugua na kutibiwa kabla ya jahazi lolote kutia nanga. Neno lao lilikuwa mti. Mnyarwanda na Mrundi hadi leo wakisema umuti wanamaanisha dawa, na kule kusini mwa Afrika Wazulu wanasema umuthi. Sisi tumebakiwa na mitishamba, na kitenzi kuganga ambacho wengi wanakikuta tu kwenye methali ya yaliyopita si ndwele. Mwenye kuganga, lakini, hajaondoka. Bango kwenye nguzo ya umeme Tandika linamtangaza mganga kutoka Sumbawanga anayerudisha mpenzi aliyepotea. Wizarani nako daktari wa ngazi ya juu kabisa anaitwa Mganga Mkuu wa Serikali. Sijui kama hao wawili wangependa kukaa meza moja.

Dawa ilipoingia haikuchukua nafasi ya mti kwa maana ya majani na mizizi tu. Ilibeba pia ile imani kwamba kila jambo lina kitu cha kulishinda. Ndiyo maana dawa ya moto ni moto, dawa ya deni ni kulipa, na mtoto mtundu anaambiwa dawa yake iko jikoni. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya 1939, aliziingiza hirizi na vifaa vya waganga ndani ya maana ya dawa, sambamba na vya tabibu. Aliandika alichokisikia. Msomaji wa pwani anajua pia kombe: aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zinaoshwa kwa maji, mgonjwa anakunywa. Nayo ni dawa.

Uzito wa maana hiyo pana ulionekana mwaka 1905, kusini mwa hapa, Ngarambe, alikokuwa mganga Kinjikitile Ngwale. Dawa yake ilikuwa maji, na ahadi yake ni kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Wajerumani walimnyonga Mohoro mwezi Agosti mwaka huo, lakini maji yalikuwa yamekwishatembea mbali kuliko yeye, na vita viliendelea hadi 1907. Vitabu vya shule vinafundisha Maji Maji kama vita vya ukombozi, na ni sawa. Ila waliokwenda vitani walikuwa wamekunywa au kunyunyiziwa dawa, kwa maana kamili ya Kiswahili chao.

Tangu hapo kila serikali imejaribu kuligawa neno hili mafungu. Waingereza walitunga sheria ya uchawi mwaka 1928. Mwaka 1974 kikaanzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili Muhimbili, na 2002 Bunge likapitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Ukitazama vizuri, kila mara mkato ni ule ule: dawa inaongezewa neno la pili ili ijulikane nani aiuze na nani akamatwe nayo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni dawa baridi. Sheria ya Dawa na Sumu ya 1978 iliweka bidhaa katika sehemu mbili, na maduka madogo ya mitaani yaliruhusiwa kuuza zile za sehemu ya pili tu. Kwa lugha ya sheria, hizo zilikuwa sumu za sehemu ya pili. Mtaani zikawa dawa baridi, kwa mantiki ile ile inayotenganisha vinywaji baridi na vinywaji vikali. Kibao kimoja, wanasheria wanaona sumu, mteja anaona Panadol. Na wauzaji wengi hawakuishia kwenye baridi: antibayotiki zilitoka chini ya kaunta vidonge viwili viwili, kadiri ya hela ya mteja, na dozi haikuisha.

Mwaka 2003 Mamlaka ya Chakula na Dawa ilianza jaribio mkoani Ruvuma la kuyageuza maduka hayo kuwa Maduka ya Dawa Muhimu, yenye muuzaji aliyepewa mafunzo na ruhusa ya orodha pana kidogo, baadhi ya antibayotiki zikiwemo. Mpango ulisambaa nchi nzima. Mamlaka yenyewe ilibadilika jina 2019 na kuwa ya Dawa na Vifaa Tiba. Ukiuliza Chamazi duka la dawa muhimu liko wapi utaelekezwa, lakini ukisema dawa baridi utaelekezwa haraka zaidi.

Jirani na Chamazi ni Mbande, ambako mwanaanthropolojia Vinay Kamat aliwafuatilia akina mama wenye watoto wenye homa. Walikuwa wakipita katika mabadiliko makubwa: klorokwini, iliyozoeleka kwa uchungu na muwasho wake, iliondolewa kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001 ikaja dawa iitwayo SP, na kufikia mwishoni mwa 2006 SP nayo ikaipisha dawa mseto. Jina hilo la mwisho lilitungwa kwa akili. Anayejua mseto wa mchele na choroko haelezwi mara mbili kwamba ni vitu viwili ndani ya kidonge kimoja. Degedege ilikuwa jambo lingine. Wengi waliamini mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa, hivyo alipelekwa kwanza kwa mganga, wakati daktari akiona malaria kali isiyosubiri.

Siku hizi, tofauti na dawa nyingine zote, kuna dawa ambayo neno lake la pili linakwepwa kwa makusudi. Ukisikia fulani "anatumia dawa", bila kutajwa dawa gani, watu wazima wanaelewa kuwa ni za kufubaza virusi vya UKIMWI. Ukimya unafanya kazi ya stara.

Dawa za kulevya, kinyume chake, hazitajwi bila hilo neno la pili, na wahariri hawachoki kuwasahihisha waandishi wanaosema "madawa". Mtaani mtumiaji mwenyewe anasema unga, na maumivu ya kuukosa anayaita arosto. Kliniki ya methadoni ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, ikafuata ya hospitali ya Mwananyamala, Kinondoni, mwaka 2012, kisha Temeke 2014. Methadoni ni kimiminika. Kwa kawaida mgonjwa anakuja kila siku, anapewa kipimo chake dirishani na kukinywa mbele ya mhudumu. Nayo, kama heroini, ni ya jamii ya opioidi, na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 inaidhibiti pia. Foleni pale dirishani inaitwa foleni ya dawa.