Adui wa Kutengenezwa: Ramli Chonganishi na Utapeli wa Uaguzi Arusha na Pembezoni mwa Meru

Mganga tapeli anapokamatwa, magazetini na vijiweni hutolewa maelezo yaleyale: wateja ni wajinga, au jamii imezama katika ushirikina. Maelezo hayo yana kasoro kubwa. Utafiti wa taasisi ya Pew uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba asilimia 93 ya Watanzania waliohojiwa wanaamini uchawi upo. Kama imani pekee ingetosha kumfilisi mtu, nchi nzima ingekuwa imeshafilisika. Wengi wanaoamini hawajawahi kukanyaga kilingeni, na wengi wanaokanyaga hurudi na hirizi moja, maisha yakaendelea. La kuuliza ni kwa nini baadhi yao hushindwa kutoka.

Makala haya yanadai kwamba jibu limo katika kile ambacho serikali yenyewe imezoea kukiita ramli chonganishi, yaani uaguzi unaowagombanisha watu. Uchonganishi huo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni madhara ya ramli, jambo linalofuata baada ya mteja kulipa. Mimi nauona kuwa ndio mtambo wenyewe wa biashara. Tapeli humtengenezea mteja adui, na adui huyo humchagua miongoni mwa watu ambao wangeweza kumzuia asitoe pesa.

Arusha ni mji unaoitegemea bahati kuliko miji mingi ya nchi hii. Juni 2020 Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Mererani, kwenye machimbo ya tanzanite jirani na Arusha, aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74. Habari hiyo ilimkuta mwanaapolo anayeshuka shimoni bila mshahara, akitegemea mgawo mawe yakitoka. Mwaka huohuo korona ilisimamisha utalii, na waongoza watalii, madereva na wapagazi wakakaa nyumbani. Mwaka 2021 serikali iliamuru biashara ya tanzanite ihamie Mererani, mabroka wa mjini wakaachwa wakihangaika. Mashimo yanapakana, jasho ni lilelile, lakini mmoja anakuwa bilionea na mwenzake anadaiwa kodi ya chumba. Jiolojia inaeleza mshipa ulipita wapi. Haielezi kwa nini ulipita kwa jirani. Bryceson, Jønsson na Sherrington, katika makala yao ya mwaka 2010 kuhusu wachimbaji na uganga nchini Tanzania, walionyesha jinsi pengo la namna hiyo linavyojazwa na waganga. Wateja wa mjini nao wana pengo lao, na jina lake ni nyota: imefungwa, imechafuliwa, imechukuliwa.

Kuanzia Mbauda hadi Tengeru utakutana na karatasi zilizobandikwa kwenye nguzo za umeme: mganga kutoka Sumbawanga, Tanga, Pemba au Kigoma, kusafisha nyota, kurudisha mpenzi, kuzuia chuma ulete, kushinda kesi. Anayejitangaza daima ametoka mbali. Watu husema umbali huo unampa sifa ya ukali wa dawa. Unampa pia faida nyingine isiyosemwa: hapa mjini hakuna anayewajua wazazi wake.

Tuchukue mfano wa kubuni, uliojengwa kwa mambo yanayojirudia katika simulizi za aina hii. Mama anauza mitumba soko la Kilombero, mauzo yameshuka. Kwenye benchi nje ya chumba cha mganga anakaa karibu na "mteja" mwenye maneno mengi, anayemweleza shida zake na kumdodosa za kwake. Akiingia anaamkia, "Shikamoo dokta," anaitikiwa, kisha anaambiwa asiseme kitu. "Mama yangu, una moyo wa kusaidia, ila shukrani huipati. Pesa unaishika, haikai. Kuna mtu mmekula naye sahani moja, siku hizi anakuchekea meno tu."

Nani asiyeguswa na maneno hayo? Bertram Forer, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha mwaka 1949 jaribio ambalo wanafunzi 39 walipewa maelezo ya tabia zao; kwa wastani waliyapa usahihi wa zaidi ya alama 4 kati ya 5. Wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yaleyale, mengi yakiwa yametolewa katika kitabu cha unajimu. Elimu ya chuo haikuwakinga.

Kisha yai linapitishwa mwilini mwa mama na kupasuliwa kwenye sahani. Ndani zimo sindano na uzi mweusi. Hapo ndipo kazi yenyewe huanza, na ustadi wake uko katika kutokutaja jina. Ni mwanamke, anasema mganga. Wa ndani. Si wa damu yako. Mama ndiye anayemaliza: "Wifi!" Kwa kuwa jina limetoka kinywani mwake, atalitetea kuliko ambavyo angelitetea jina la kuambiwa. Tangu siku hiyo ushauri wa wifi ni uchawi, na mume akihoji pesa zinakwenda wapi, ameshalishwa kitu. Juu ya yote kuna sharti: usimwambie mtu, dawa itakurudia.

Baada ya hapo malipo hupanda kwa ngazi. Kiingilio kidogo, hela ya ubani, mbuzi mweusi asiye na doa ambaye mganga atamnunua mwenyewe kijijini, kwa hiyo itumwe kwa simu. Wiki ikipita bila nafuu, mbuzi amekataliwa. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Waazande, alionyesha jinsi uaguzi ulioshindwa unavyopata utetezi ndani ya imani ileile. Hapa kwetu kila utetezi una bei yake.

Kulinganisha kunasaidia. Oloiboni, mwaguzi wa kimila wa Wamaasai na Waarusha, hutupa vijiwe kutoka kwenye kibuyu na kuvihesabu. Ukoo wake unajulikana, na mambo makubwa hupelekewa na ujumbe wa wazee. Sidai kwamba hakuna oloiboni aliyewahi kula mali za watu. Ila anayekwenda na wazee ana mashahidi wa kilichosemwa na kilicholipwa. Mwaka 2011 maelfu walifurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kilichotokana na mti wa mugariga. Madhara yalikuwepo, kwani baadhi ya wagonjwa waliacha dawa za hospitali. Lakini bei ilikuwa shilingi 500, moja kwa wote, hadharani, na hakuna aliyerudi nyumbani na jina la jirani. Samunge ilikuwa na imani nyingi kuliko kilinge chochote cha mjini, lakini ngazi ya malipo haikuwepo.

Sheria zetu hazikulenga ngazi hiyo. Sheria ya Uchawi, ya tangu mwaka 1928, inamlenga anayejifanya ana nguvu za uchawi. Mpiga ramli hujiita adui wa wachawi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inasajili waganga, na cheti kikitundikwa ukutani humtuliza mteja hata kama kinachofanyika chumbani si tiba. Januari 2015, mauaji ya watu wenye ualbino yalipozidi, Waziri wa Mambo ya Ndani Mathias Chikawe alitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, na miezi michache baadaye waganga zaidi ya 200 walikamatwa. Kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu kujipatia mali kwa udanganyifu, lakini sharti ithibitike kuwa mtuhumiwa alijua anachosema ni uongo, au hakukiamini. Kuthibitisha kilichomo moyoni mwa mtu ni kazi ngumu. Kuthibitisha miamala ni rahisi zaidi. Taarifa ya simu inaonyesha viwango vinavyopanda, siku zinazokaribiana na namba ileile inayopokea, na mpelelezi aliyezoea kesi za aina hii angeisoma kama daktari anavyosoma chati ya homa.

Tatizo ni kumfikisha mlalamikaji kituoni. Ili aeleze alivyoibiwa, mama wa Kilombero itabidi aseme alilipa ili wifi yake adhurike, na maneno hayo yataandikwa kwenye maelezo atakayoyatia saini. Naye wifi, aliyeacha kualikwa misibani na kupewa watoto wa kubeba, hakupoteza hata shilingi. Hana hasara ya kufungulia jalada.