Toshiro Mifune, kutoka kamera hadi upanga
Toshiro Mifune alizaliwa Qingdao, China, mwaka 1920, mtoto wa mpiga picha. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia aliomba kazi ya kamera katika studio ya Toho, Tokyo, akajikuta kwenye usaili wa waigizaji. Kati ya 1948 na 1965 alicheza filamu 16 za mwongozaji Akira Kurosawa, ikiwemo Rashomon, iliyotwaa Simba wa Dhahabu mjini Venice mwaka 1951. Lakini uso wake haukuwahi kusema mengi kama mwaka 1957, katika filamu iliyotokana na Macbeth ya Shakespeare: wapiga upinde walimfyatulia mishale halisi, ikajikita kwenye mbao kandokando yake, naye akihaha huku na huku. Mwaka 1980 runinga ya Marekani ilimwonyesha kama mhusika Toranaga katika tamthilia ya Shogun. Alifariki Desemba 1997.