Kura ya Joe: Demokrasia na Ukimya katika Filamu ya Lifeboat (1944)

Utangulizi

Msanii anayewafungia wahusika wake katika nafasi finyu hujinyima mengi. Hana mandhari ya kubadilisha, wala hawezi kuuficha kwa muda mrefu uhusiano uliopo baina ya mwenye nguvu na mnyonge. Ndiyo maana kazi za sanaa zinazohusu jela, vyumba vilivyofungwa na vyombo vilivyopotea baharini zimewavutia wahakiki wa itikadi mbalimbali: katika nafasi finyu jamii hulazimika kujifichua. Filamu ya Lifeboat, iliyoelekezwa na Alfred Hitchcock kwa niaba ya kampuni ya Twentieth Century-Fox na kuanza kuonyeshwa mjini New York mnamo Januari 1944, ni mfano mwafaka wa fani hii. Kwa takriban saa moja na nusu, mtazamaji yumo ndani ya mashua moja ya kujiokolea katika Bahari ya Atlantiki, pamoja na manusura wa meli iliyozamishwa na nyambizi ya Kijerumani.

Mjadala kuhusu filamu hii umejikita zaidi katika usawiri wa Willi, Mjerumani anayeokolewa na wale aliowazamisha. Makala haya hayakusudii kuupuuza mjadala huo. Hata hivyo, tunadai kwamba ufunguo wa filamu umo mikononi mwa mhusika mwingine asiyesema mengi, yaani Joe, mhudumu wa meli na Mmarekani Mweusi pekee miongoni mwa manusura. Pale anapouliza iwapo naye ana kura, istiara nzima ya mashua hutikisika. Historia ya mwaka huohuo wa 1944 inatusaidia kuelewa kwa nini.

Kutoka kwa Steinbeck hadi kwa Hitchcock

Hadithi ya msingi iliandikwa na John Steinbeck, mwandishi ambaye tayari alikuwa amejipatia sifa kwa riwaya yake ya mwaka 1939, The Grapes of Wrath. Katika andiko lake, msimulizi ni baharia wa kawaida anayeeleza mambo kwa nafsi ya kwanza. Jo Swerling ndiye aliyeandika mswada wa filamu. Katika mabadiliko hayo sauti ya baharia ilitoweka, na nafasi yake ikachukuliwa na kamera isiyokuwa na nafsi. Mhusika anayetangulia kuonekana mashuani ni Connie Porter, mwandishi wa habari aliyeigizwa na Tallulah Bankhead. Ameketi peke yake amevaa koti la manyoya, akiwa na kamera, taipureta na bangili ya almasi. Vitu hivyo humponyoka kimoja baada ya kingine, hata bangili yenyewe ikatumiwa kuwa chambo cha samaki.

Wengine waliomo wamepangwa kana kwamba kila mmoja ni mjumbe wa tabaka lake. Rittenhouse ni tajiri mwenye viwanda. Kovac ni mfanyakazi wa chumba cha mitambo mwenye siasa za mrengo wa kushoto. Gus ni baharia mwenye mguu uliojeruhiwa. Stanley ni mwendesha redio Mwingereza. Alice ni muuguzi. Yumo pia mama Mwingereza ambaye mtoto wake mchanga anakufa, naye akafuata kwa kujitosa baharini. Joe, aliyeigizwa na Canada Lee, ndiye aliyemwokoa mama huyo.

Steinbeck hakuridhika. Januari 1944 aliiandikia kampuni akilalamika kwamba filamu iliwadhihaki wafanyakazi waliojiunga katika vyama, na kwamba mtu Mweusi aliyemuumba kwa heshima na nia yake mwenyewe alikuwa amegeuzwa kuwa kikaragosi cha kawaida cha Hollywood. Mwezi uliofuata alitaka jina lake liondolewe katika filamu. Ombi hilo halikutekelezwa. Kinyume cha mambo ni kwamba filamu ilipoteuliwa kuwania tuzo tatu za Oscar, mojawapo ilikuwa ya hadithi, kwa jina lilelile la mwandishi aliyekwisha kuikana.

Lalamiko la Steinbeck lina msingi. Joe wa filamu hupiga filimbi, husoma Zaburi ya 23 wakati wa maziko ya mtoto, na inafichuliwa kwamba zamani alikuwa mwizi wa mifukoni. Ujuzi huo ndio unaotumiwa kumchopolea Willi kitu kinachodhaniwa kuwa saa, kumbe ni dira. Muziki, dini na wizi: hizi ni sifa tatu ambazo sinema ya wakati ule ilizoea kumbandika mtu Mweusi. Pamoja na hayo, tukiishia hapo tutakuwa tumeihakiki karatasi na kumsahau mwigizaji. Canada Lee alikuwa amekwisha kujulikana mwaka 1941 kwa kuigiza Bigger Thomas jukwaani katika Native Son, chini ya uelekezi wa Orson Welles. Anapokaa kimya mashuani, ukimya wake si wa mtu asiyekuwa na la kusema. Ni ukimya wa mtu anayepima.

Swali la Kura

Mara tu Mjerumani anapopandishwa mashuani, mgogoro unazuka. Kovac anataka atupwe baharini. Wengine wanashikilia kwamba mateka ana haki zake. Panapendekezwa kura, na kauli ya Joe inatakiwa. Jibu lake ni swali: je, naye anapiga kura? Anaambiwa bila kusita kwamba ndiyo. Joe anachagua kutojihusisha.

Tukio hili huchukua muda mfupi mno, na ni rahisi kulipita. Lakini tulitazame kwa jicho la kihistoria. Mtazamaji wa Januari 1944 alijua kwamba katika majimbo mengi ya Kusini mwa Marekani raia Weusi walizuiwa kupiga kura kwa kodi, kwa mitihani ya hila na kwa vitisho. Uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Smith dhidi ya Allwright, uliobatilisha kura za mchujo za Wazungu pekee katika jimbo la Texas, ulitolewa tarehe 3 Aprili 1944, takriban miezi mitatu baada ya filamu kuanza kuonyeshwa. Sheria ya Haki za Kupiga Kura haikupatikana hadi 1965. Kwa hiyo Joe haulizi kwa sababu haelewi demokrasia. Anauliza kwa kuwa anaielewa kuliko walio karibu naye. Haki anayopewa ghafla na watu wenye kiu, katikati ya bahari, ni haki ambayo nchi kavu ingeweza kumnyang'anya. Kukataa kwake kuitumia ndiyo kauli yake ya kisiasa iliyo nzito kuliko zote.

Umati na Mtu Mmoja

Baada ya dhoruba, Willi ndiye anayeshika uongozi. Ana dira aliyoificha, ana maji, ana vidonge vya kumtia nguvu, na kwa siri anaielekeza mashua kwenye meli ya Kijerumani. Yeye aliyemkata Gus mguu ili kumwokoa ndiye anayemsukuma baharini usiku, baada ya Gus kumwona akinywa maji. Wahakiki wa wakati huo, wakiwamo Bosley Crowther wa gazeti la New York Times na mwandishi Dorothy Thompson, walikasirishwa na filamu iliyomfanya Mnazi kuwa hodari kuliko wapinzani wake. Miaka mingi baadaye Hitchcock alijitetea kwamba alitaka kuonyesha jinsi mataifa ya kidemokrasia yalivyokuwa yamegawanyika, ilhali adui alikuwa na shabaha moja.

Utetezi huo unaeleza udhaifu wa kundi, lakini hauelezi kinachofuata. Uongo wa Willi unapofichuka, manusura wanamvamia kwa pamoja, wanampiga na kumtupa majini. Muuguzi ni miongoni mwao. Joe peke yake hashiriki. Anajaribu hata kumzuia Alice. Iwapo tutalisoma tendo hili kama uchaji Mungu tu, tutakuwa tumelipunguza. Mtu Mweusi wa Marekani ya 1944 alijua umati unaoua bila kesi ni kitu gani. Kitendo hicho hakikutangazwa kuwa kosa mahususi chini ya sheria ya shirikisho hadi mwaka 2022. Joe anawaona watu wema wakigeuka umati, na anaitambua sura hiyo kabla wao wenyewe hawajaitambua. Hapa ndipo tunapotofautiana na Steinbeck: mswada ulimpa Joe nafasi ya pembeni, lakini ni kutoka pembeni hapo ndipo filamu inapopata jicho lake la kimaadili.

Bahari ya Hindi, Februari 1944

Istiara ya mashua inadai kwamba wote wamo katika chombo kimoja. Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kulichunguza dai hilo. Mwezi mmoja tu baada ya filamu kutoka, meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imeng'oa nanga Kilindini ikielekea Colombo, ilizamishwa karibu na visiwa vya Maldives na nyambizi ya Kijapani, I-27. Hiyo ilikuwa tarehe 12 Februari 1944. Miongoni mwa watu zaidi ya 1,500 waliokuwamo, takriban 1,300 walikufa. Kundi kubwa kabisa lilikuwa la Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Meli ilizama kwa muda usiofika dakika tatu. Isitoshe, manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiilinda zilirusha mabomu ya chini ya maji ili kuiangamiza nyambizi, ilhali manusura wangali wakielea karibu.

Katika mkasa huu hapakuwa na nafasi ya kura. Uamuzi wa nani aishi ulifanywa na makamanda waliokuwa juu ya sitaha, kwa hesabu ya vita. Askari hao walikuwa wakielekea kupigania uhuru wa wengine, wakati nchini mwao Kenya Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, Eliud Mathu, aliteuliwa na serikali Oktoba mwaka huohuo. Waafrika wa Kenya hawakuwachagua wajumbe wao hadi Machi 1957, na hata hapo kura ilikuwa kwa masharti ya elimu na mali.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Lifeboat ni zaidi ya filamu ya propaganda iliyokosea shabaha. Ni kazi inayojipinga yenyewe: inahubiri umoja wa watu huru, kisha inamweka ndani ya umoja huo mtu anayeuliza kama kweli amehesabiwa. Canada Lee aliendelea kulibeba swali hilo. Miaka michache baadaye alikwenda Afrika Kusini kuigiza Mchungaji Kumalo katika filamu ya Cry, the Beloved Country, nchi ambako kura ya Mwafrika ilikuwa imefungiwa mlango. Alifariki 1952, kazi yake nchini Marekani ikiwa imekwisha kuharibiwa na orodha za walioshukiwa kisiasa.

Mhakiki anayezichambua hadithi za vyombo vilivyopotea baharini hana budi kuanza na hesabu ya waliomo. Akishawahesabu, awaulize walio kimya, kwa maana mara nyingi wao ndio wanaojua chombo kinaelekezwa wapi.