Buzwagi: Gharama ya Swali la Mbunge Mpya

Miongoni mwa zana alizonazo mbunge, swali ndiyo ndogo kuliko zote. Haliangushi Serikali, halipunguzi hata shilingi moja katika bajeti, wala halipigiwi kura. Mbunge huliandika, hulipeleka kwa Katibu wa Bunge, likapangiwa siku, na asubuhi moja Waziri au Naibu wake husimama Dodoma kulijibu. Likifuatiwa na maswali mawili matatu ya nyongeza, shughuli imekwisha. Hata hivyo, Ibara ya 63 ya Katiba, inapoyataja mamlaka ya Bunge ya kuisimamia Serikali, huanza na haki hii ya kumuuliza Waziri swali kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Naamini mpangilio huo una maana: usimamizi wote huanza kwa kuuliza.

Haki hii ina historia yenye makovu. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926 bila Mwafrika hata mmoja. Wa kwanza waliingia mwaka 1945, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, nao waliteuliwa na Gavana. Aliyeteuliwa na Gavana aliweza kumuuliza Gavana maswali, lakini hakuwa na wananchi nyuma yake wa kulisukuma swali hilo. Mwalimu Nyerere aliuonja ufinyu huo mwaka 1957. Aliteuliwa kuingia katika Baraza, na kabla mwaka haujaisha akajiuzulu baada ya kuona mapendekezo yake hayapewi uzito.

Uhuru uliwaleta wabunge waliochaguliwa, lakini swali halikuwa huru mara moja. Oktoba 1968, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU iliwafukuza uanachama wabunge kadhaa, Joseph Kasella-Bantu akiwa mmoja wao. Kwa kuwa nchi ilikuwa ya chama kimoja, kupoteza kadi kulikuwa kupoteza kiti. Waliobaki ukumbini hawakuhitaji kuelezwa funzo lake. Mbunge wa enzi ile aliweza kuuliza barabara itajengwa lini au dawa zitafika lini. Kuuliza nani aliamua, na kwa nini, kulikuwa jambo jingine.

Ni katika mkondo huo ndipo ninapoliweka suala la Buzwagi. Desemba 2005, Zitto Kabwe alichaguliwa kuwa Mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya CHADEMA, akiwa na umri wa miaka 29. CCM ilikuwa imetwaa majimbo 206 kati ya 232; chama chake kilipata matano. Kwa hesabu ya kura, hapakuwa na jambo ambalo mbunge huyo angeweza kulipitisha. Kilichobaki mkononi mwake kilikuwa kuuliza.

Alichouliza mwaka 2007 kilikuwa chepesi kukielewa. Mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, wilayani Kahama, kati ya Serikali na kampuni ya Barrick, ulitiwa saini jijini London mwezi Februari mwaka huo, wakati Serikali yenyewe ilikuwa ikiipitia upya mikataba ya madini. Aliyeutia saini alikuwa Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi. Kulikuwa na haraka gani? Kwa nini London? Majibu yalipokosa kumridhisha, mbunge alipanda ngazi: Agosti 2007 aliwasilisha hoja binafsi akitaka iundwe Kamati Teule ya Bunge kulichunguza suala hilo.

Hoja ilikataliwa. Kisha Bunge likageuka na kumhukumu mtoa hoja. Kwa madai kwamba alisema uongo bungeni, alisimamishwa hadi Januari 2008. Wingi wa kura ulikuwa umeamua kwamba kosa ni la aliyeuliza.

Hapo ndipo historia ilipochukua njia ambayo wengi ukumbini hawakuitarajia. Swali lililofungiwa mlango Dodoma lilihamia viwanjani. Mikutano ya hadhara ilifurika, na neno Buzwagi likaingia katika mazungumzo ya vijiweni na ya daladala. Septemba 15, Dk. Willibrod Slaa akasoma orodha ya aliowaita mafisadi katika viwanja vya Mwembe Yanga, Temeke. Novemba 2007, Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati ya kuchunguza sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na kumteua mbunge yuleyule aliyekuwa akitumikia adhabu kuwa mjumbe wake. Mwezi huohuo Bunge likaunda Kamati Teule kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Taarifa yake ilipofika mezani Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, na Karamagi akawa miongoni mwa mawaziri waliofuata.

Sitaki kudai kwamba swali moja lilizaa yote hayo. Richmond ilikuwa na chanzo chake, na Spika Samuel Sitta alikuwa na nafasi yake. Lakini Bunge lililoikataa kamati ya Buzwagi mwezi Agosti lilikubali ya Richmond mwezi Novemba, na katikati ya miezi hiyo kilichobadilika zaidi ni hasira ya wananchi.

Upande wa madini, mavuno yalikuja polepole. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 ilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4, na ikabadili namna ya kuukokotoa ili utozwe kwenye thamani ghafi. Mabadiliko ya mwaka 2017 yaliufikisha asilimia 6 na kuipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Uzalishaji Buzwagi ulikoma mwaka 2021. Mgodi ulizeeka kabla swali lake halijapata jibu kamili.

Na kovu la 1968 halijapona. Ibara ya 71 ya Katiba bado inamvua ubunge anayekoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni. Machi 2015 Zitto mwenyewe aliondoka bungeni baada ya chama chake kumvua uanachama. Ugomvi ulikuwa wa aina nyingine, lakini kanuni ilikuwa ileile: waliomchagua ni wananchi wa jimbo, aliyemwondoa ni chama.

Siku hizi tunapenda kuwapima wabunge wapya kwa idadi: amechangia mara ngapi, ameuliza maswali mangapi. Kipimo hicho kinamlipa sawa anayeuliza kuhusu kisima kimoja na anayeuliza kuhusu mkataba wa miaka ishirini na tano. Kisima ni haki ya wananchi, sikibezi. Lakini nawashauri wanafunzi wangu wafungue Taarifa Rasmi za Bunge na kutafuta mambo matatu: swali lilimgusa nani, jibu lilikwepa nini, na mbunge alifanya nini baada ya kujibiwa. Hilo la tatu ndilo linalotenganisha mwakilishi na msomaji wa maswali, na ndilo lenye gharama.