Sheria na Mtoto

Leo tutajifunza namna ya kuupima mswada kabla haujawa sheria. Tuulize: utamfanyia nini mtoto?

Mwaka 1969 Serikali ilitoa Waraka Nambari 1, wenye mapendekezo juu ya ndoa, ili wananchi wayajadili. Mwaka 1971 Sheria ya Ndoa ikapitishwa. Ilikuwa na mema mengi: ndoa za dini, za kimila na za kiserikali ziliwekwa chini ya sheria moja. Lakini kitazameni kifungu cha 13. Mvulana aoe akiwa na miaka 18. Msichana aweza kuolewa akiwa na miaka 15. Kifungu cha 17 kikasema kwamba msichana wa chini ya miaka 18 lazima apate ridhaa ya baba yake.

Ridhaa hiyo ilimlinda nani? Kwa Wasukuma wa Shinyanga, mahari ni ng'ombe. Baba aliyepatwa na ukame huwafikiria ng'ombe, na ni yeye huyo aliyepewa kauli ya ndiyo au siyo. Msichana mwenyewe hana zizi.

Mwaka 2016, katika kesi ya Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo viwili vinapingana na Katiba. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubali. Fanyeni hesabu ubaoni: msichana aliyeolewa na miaka 15 mwaka 1971, mwaka 2019 alikuwa na miaka 63. Hukumu ilimkuta bibi.

Sasa twende Geita. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilikataza mtoto wa chini ya miaka 18 kufanya kazi za hatari, na uchimbaji wa madini ukatajwa humo. Hata hivyo, mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba watoto walikutwa katika machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, wakishuka mashimoni na kushika zebaki kwa mikono. Sheria haina miguu ya kwenda machimboni. Lazima mtu atumwe.

Basi jadilianeni:

1. Mswada huu unamgusa mtoto yupi?
2. Nani amepewa kauli juu yake, naye atapata faida gani?
3. Nani atakwenda kukagua?